Mapigo Aliyoyaandika Nzisa

Nzisa aliandika 138. Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na alitumia ule mwandiko wake mzuri uliokuwa ukisifiwa tangu shule ya msingi. Karatasi ilikuwa ya mgonjwa aitwaye Ciru, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri. Nzisa alikuwa ameweka kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto juu ya tumbo la Ciru, akainamisha sikio la kushoto, akaitazama saa ya ukutani kwa dakika nzima huku midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu. Hakusikia kitu. Aliinuka, akatabasamu, akasema, "Mtoto yuko sawa."

Nusu saa baadaye Sister Annah, mkunga wa zamu, alipita na kipembe hichohicho. Alisikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Alisema jambo bila kugeuka, na Nzisa hakulishika. Aliona tu watu wakianza kukimbia. Ciru alisukumwa hadi thieta, chumba cha upasuaji. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga mara tisini na mbili tu kwa dakika, chini mno, na kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili. Alitolewa akiwa hai, lakini hakulia, akapelekwa chumba cha watoto wachanga kuwekewa oksijeni.

"Ameshuka mapigo haraka hivyo," Sister Annah alisema baadaye akinawa mikono. "Kutoka mia thelathini na nane hadi tisini na mbili, nusu saa tu. Inatokea." Alimgusa Nzisa begani. "Umefanya vizuri kuandika pamoja na saa."

Nzisa alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo kimoja katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Siku mbili kwa wiki darasa lao la ukunga lilikwenda kujifunza katika hospitali ndogo huko Kangemi. Alipokuwa darasa la nne aliugua homa ya uti wa mgongo, na sikio la kulia likafa. Hilo mama yake alilijua. Asilolijua ni kwamba tangu mwaka uliotangulia sikio la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuvuma kama friji kuukuu, na kila muhula sauti za watu zilikuwa zikisogea mbali kidogo. Darasani Nzisa alikaa mbele na kusoma midomo. Wodini alimtegemea Beryl, rafiki yake. Beryl alisikiliza kwanza, kisha akamwonyesha idadi kwa vidole, mkono ukiwa chini ya shuka. Wangeendelea hivyo muhula mzima, ila Jumanne ile Beryl alipangiwa chumba kingine.

Siku iliyofuata Nzisa hakuwa na darasa, lakini alipanda hadi Kangemi. Alitaka kumwona mtoto. Alisimama nje ya kioo cha chumba cha watoto wachanga na kumwona, kucha nyeusi-nyeusi kidogo, mrija puani, kifua kikipanda kwa taabu. Alijaribu kuomba, lakini kila alipofumba macho alijiona akichezesha midomo mbele ya saa ya ukutani.

Ciru alikuwa amelazwa wodi ya pili. Alipomwona alinyoosha mkono.

"Siz, kumbe umekuja. Nilikuwa nauliza yule msichana ako wapi." Alikuwa ameishiwa sauti, lakini midomo yake ilikuwa rahisi kusomeka. "Wewe ndiyo ulinishika mkono tukienda thieta. Nilikuwa naogopa sana. Mungu akubariki."

"Mtoto atapona," Nzisa alisema.

"Daktari amesema tungoje. Hajui kama akili iliguswa. Anasema tungoje tu." Ciru aliuminya mkono wake. "Wewe unaonaje?"

Nzisa alisema atakuja tena. Alitoka nje. Kisha alitembea kando ya barabara ya Waiyaki Way hadi nyumbani kwao Mountain View, kwa miguu njia yote, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu.

Kulikuwa na fomu. Mwalimu wao wa ukunga, Madam Wanjira, alikuwa amewatangazia wiki mbili kabla: anayetaka kujiondoa katika somo hilo ajaze fomu na kuirudisha kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa. Atakayejiondoa angelirudia mwakani na jina lake lingebaki safi. Baada ya Ijumaa hakukuwa na kujiondoa, ni kufaulu au kuanguka. Na mtihani wa vitendo ulikuwa wiki iliyofuata, mtahini amesimama kando, kila mtu peke yake na mgonjwa. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Jina, namba ya usajili, somo. Halafu mistari minne mitupu chini ya neno moja: Sababu.

Alhamisi jioni alimwambia mama yake. Kavata alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini, mwanamke aliyepanga hata vikombe kwa ukubwa. Alikuwa akikata sukuma wiki. Nzisa alimwambia habari ya sikio, ya Beryl, ya 138. Kavata aliacha kukata katikati ya jani.

"Mtoto amekufa?"

"La. Ako kwa oksijeni."

"Na nani anajua?"

"Hakuna."

Kavata alikaa kwenye stuli. Aliweka kisu chini. "Jaza hiyo fomu," alisema mwishowe. "Pale pa sababu, andika mambo ya nyumbani. Sema mimi ni mgonjwa, ukipenda. Upumzike mwaka, tutafute daktari wa masikio."

"Na Ciru?"

"Ciru amesema nini? Si amekushukuru?"

"Mum."

"Sikiza, Nzisa." Alisema neno hilo kisha akasita, kama aliyejing'ata ulimi. "Ukiandika sikio, hiyo karatasi itakufuata. Hakuna hospitali itakupa kazi. Hata kliniki ya kupima presha. Unajua mimi hukaa na mafaili ya watu. Kitu ikiingia kwa faili haitoki."

"Nilidanganya kuhusu moyo wa mtoto wa mtu."

"Uliogopa."

"Nilidanganya."

Kavata aliinuka, akawasha jiko, akampa mgongo. Aliendelea kusema, mabega yakipanda na kushuka, na Nzisa hakusikia hata neno. Alisimama pale akitazama mgongo wa mama yake unaongea, akafikiri: ndivyo itakavyokuwa, hata hapa jikoni. Alienda kulala bila kula.

Ijumaa saa saba mchana alikaa kwenye benchi katika bustani ya Jeevanjee, fomu kwenye paja. Mhubiri alikuwa na spika kubwa hatua kumi kutoka kwake. Kilichomfikia ni mtetemo tu kwenye mbao za benchi. Alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa ile mistari minne. Alikuwa amefikiria njia zote. Asipojiondoa, angeanguka mtihani mbele ya mtahini, au, jambo lililomtisha zaidi, angebahatisha namba na kufaulu. Akijiondoa kwa kisingizio cha nyumbani, mwakani angerudi wodi ileile na sikio bovu zaidi. Akiandika ukweli, hakujua kungekuwa na nini upande wa pili. 

Beryl alimkuta hapo. Alikuwa amemtafuta tangu asubuhi. Alikaa upande wa kushoto, kama kawaida yake, na kumgeuza uso kwa kidole ili amwone.

"Niaje. Umeandika?"

"Bado."

"Andika personal reasons umalize. Watu wawili wa class yetu wamejitoa hivyo na hakuna mtu ameuliza."

"Beryl, yule mtoto..."

"Najua. Nimelia pia, usidhani." Macho yake yalikuwa mekundu kweli. "Lakini ukisema ya Jumanne, watauliza ya zile siku zingine. Utasema nini? Nani alikuwa anakuhesabia?"

Nzisa aliifunika fomu kwa kiganja.

"Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika college," Beryl alisema. "Nilikusaidia juu ya vile nakupenda. Usinichome, Nzisa. Tafadhali."

"Sitakutaja."

"Watajua tu."

Alikaa dakika chache zaidi, kisha akainuka akaenda, akivuka nyasi haraka bila kuangalia nyuma. Nzisa alishika kalamu. Aliandika: Sikio langu la kulia halisikii na la kushoto linakwisha. Jumanne niliandika mapigo 138 ya mtoto wa Ciru. Sikuyasikia. Mstari wa nne ulibaki mtupu. Alipanda ngazi za chuo mbio kabla ya kujipa nafasi ya kuisoma tena.

Madam Wanjira alikuwa akila ndizi mezani kwake. Aliichukua fomu kwa mkono mmoja kama alivyozipokea zingine, akaanza kusoma, kisha akaiweka ndizi chini. Alisoma mara mbili. Alipoinua uso haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Nzisa kuliko hasira.

"Unanisikia sasa hivi?"

"Nakusoma midomo, Madam. Nasikia kidogo."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na tangu Januari umekuwa ukiniletea mapigo sahihi, wiki baada ya wiki. Nani alikuwa anakusaidia?"

Nzisa alitazama sakafu, na alipotazama sakafu hakuweza kujua kama Madam ameendelea kusema. Mkono uligonga meza. Aliinua macho.

"Nimekuuliza."

"Kosa la Jumanne ni langu peke yangu, Madam."

Madam Wanjira aliivuta fomu karibu. "Ungekuja Januari," alisema, "ningekutafutia mashine. Ziko mashine zinaonyesha mapigo kwa namba, huhitaji sikio. Ningepigana na watu, lakini ningekutafutia." Alitia sahihi kwenye fomu, akagonga muhuri. "Somo umejiondoa. Lakini haya mengine hayaishii kwa fomu. Yataenda kwa kamati, na hospitali nitawaambia mimi mwenyewe leo. Na Jumatatu tutaenda kumwambia mama wa mtoto. Utakuwepo."

"Ndiyo, Madam."

"Kaa chini kwanza."

Jumatatu walikuwa watatu kando ya kitanda cha Ciru: Madam Wanjira, Sister Annah na Nzisa. Mtoto alikuwa ameondolewa oksijeni Jumapili, na Ciru alikuwa amemshika kifuani, amefunikwa kitambaa cha manjano. Sister Annah alieleza polepole, kwa maneno ya kawaida. Alisema hakuna anayeweza kujua kama nusu saa ile ingebadilisha kitu. Alisema pia kwamba ingeweza.

Ciru alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama Nzisa.

"Siku ile ulikuja kuniona, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniambia atapona."

"Ndiyo. Nisamehe."

Ciru alimsogeza mtoto upande wa pili, mbali na Nzisa, akageukia ukuta. Alisema jambo, refu kidogo; mabega yake yalitikisika. Sister Annah aliinamisha kichwa. Nzisa hakulisikia, na walipotoka nje hakuthubutu kuuliza lilikuwa nini.

Barua ya kamati ilikuja wiki tatu baadaye. Alisimamishwa mwaka mzima, na kurudi kwake kungetegemea ripoti ya daktari wa masikio na uamuzi wa kamati. Beryl aliitwa, akakiri mwenyewe, akapewa onyo la maandishi. Hakumpigia Nzisa simu tena. Mtoto alikuwa amekwenda nyumbani siku ya kumi na moja, na kuhusu akili yake bado ilikuwa ni kungoja.

Kavata aliomba ruhusa kazini, siku mbili, na kumpeleka kupimwa. Walipofika mapokezi Nzisa aliona mama yake akiandika sababu ya kuja, herufi kubwa, bila kuficha. Akaingizwa peke yake katika chumba kidogo chenye kioo, akavishwa vipokea sauti, akapewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Mpimaji alimtazama kutoka upande wa pili. Nzisa alingoja. Mpimaji alishusha macho, akaandika kitu, akazungusha kidude. Nzisa aliendelea kungoja, kidole juu ya kitufe; hakusikia mlio, hakubonyeza.