Mtihani wa Mzee Kamusi

Mzee Kamusi hakuwa na viatu vya raba, hakuwa na goti la kushoto la kutegemea, hakuwa na mke tena, wala mtu wa kumsindikiza hospitali. Elimu alikuwa nayo. Aliipata ukubwani, shule ya jioni, baada ya kutwa nzima kwenye mashine za uchapaji, na huko alizoea kwamba mtihani hufanywa kimya.

Daktari alimweleza kuwa atatembea juu ya mkanda utakaoongezwa kasi na mwinuko kidogo kidogo, waya zikiwa kifuani, ili ijulikane kama mishipa ya moyo imeziba. Mzee akajiandaa kama mwanafunzi: wiki mbili akipanda na kushuka ngazi, saa mkononi.

Siku ilipofika, muuguzi alimnyoa kifua, akambandika waya, akamwazimia raba za mfagizi.

"Babu, hapa hatutoi cheti. Kifua kikibana, sema tu."

"Mjukuu wangu, mimi si wa kubanwa ovyo."

Dakika ya tatu kifua kikabana, kama mtu amekikalia. Akaulizwa hali, akajibu salama. Dakika ya nne goti likamwangusha, akang'ang'ania vyuma, mkanda ukasimamishwa.

Daktari aliikagua karatasi ndefu, akasema miguu imechoka kabla moyo haujafika mwendo uliotakiwa, kwa hiyo majibu si heri si shari. Kipo kipimo kingine, cha dawa ya mshipani, lakini foleni ni ndefu. Asiye na maumivu atasubiri miezi minne.

Mzee akashukuru, akatoka. Mara mbili alirudi mlangoni kwa daktari, na mara zote mbili, alipoulizwa shida, alisema anatafuta njia ya kutokea.

Binti yake, aliyefanya kazi mbali, alikuwa ameuliza kama achukue likizo aje, au asubiri mwisho wa mwaka. Kupiga simu mzee aliogopa, sauti ingetetemeka. Siku ya tatu baada ya kipimo aliketi mezani, akachana karatasi mbili zilizoanza na "Nimefanya vizuri." Ya tatu ilikuwa fupi:

"Mwanangu, kifua kilibana, nikawaambia salama. Jana kimebana tena, nimekaa tu. Nimeshindwa kuwaambia. Njoo."

Hakuirudia kuisoma, yeye aliyezoea kusahihisha hata risiti. Akafunga bahasha kwa gundi, akabandika stempu, akaenda posta taratibu, akipumzika njiani mara tatu. Akaitumbukiza.