Vidonge vya Pindo la Leso

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa povu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, alikuwa amemaliza kupiga mswaki, na povu lililobaki kwenye sinki lilikuwa na wekundu ndani yake. Nikafungua bomba likaenda. Niliona haya hata kulitazama, sembuse kuuliza.

Tunakaa Kibokoni. Dirisha la jikoni kwetu linatazamana na la jirani, Bi Sanober, karibu mno hata yeye na Mama hupeana vitunguu kwa mkono. Bi Sanober ana dada yake anayekaa Bambay, Uhindini, na kila akienda huko hurudi na dawa. Huzikata zile karatasi za vidonge kwa mkasi akawagawia watu, kipande huku, kipande kule, kama agawaye halua. Jina la dawa hubaki kwenye kipande cha mtu mwingine.

"Meza hizi, Mwanakhamis," alisema siku ile, mkono umeshavuka dirisha. "Magoti yatalainika mpaka ucheze chakacha."

"Chakacha kwa kiuno kipi? Hiki kimebaki cha kukalia tu."

"Mimi nameza kila siku, na mbona ni mzima?"

"Wewe mzima wa mdomo."

Wakacheka. Kisha Mama akanigeukia mimi niliyekuwa napepeta mchele. "Na wewe, Mselem asijue."

Mselem ni mume wangu, anafanya kazi bandarini. Mwaka jana damu iliganda mguuni mwa mamake, mguu ukavimba, na tangu hapo kliniki humpa dawa ya kuizuia damu isigande. Walimwonya asimeze dawa nyingine yoyote bila kuwauliza, na Mselem akamwapisha. Mama aliapa, lakini magoti hayakuapa. Alikuwa akisali juu ya kiti. Watu walipojaa nyumbani kwa shughuli na wanawake wakapanga safu, yeye alijificha chumbani mpaka wamalize, asionekane na kiti chake.

Vidonge vya Bi Sanober vilimrudisha chini. Siku moja nilipita mlangoni nikamwona ameweka paji la uso kwenye mswala. Alikaa hivyo muda mrefu, na alipoinuka alikuwa analia. Ningesema nini? Mimi mkaza mwana, niliyeishia darasa la sita, nimfundishe dawa mama wa mume wangu? Kwetu mkwe akisema asijue mtu, hajui mtu. Kila asubuhi nilimpelekea maji. Alimeza kidonge cha kliniki, kisha akafungua pindo la leso akameza na kile kingine.

Baada ya povu nikaiona mikono yake. Akiegemea meza tu, panabaki baka la zambarau. "Ni bangili hizi," akasema. Halafu, kwa kuwa mimi ndiye msafishaji wa choo, nikaona haja yake imekuwa nyeusi kama lami. Siku hiyo nilitumwa Marikiti kununua nazi. Njia nzima nilijizoeza maneno ya kumwambia, nikasahau nilichotumwa. Nilipofika mlangoni akauliza, "Ziko wapi nazi?" Maneno yote yakanipotea.

Ijumaa, baada ya adhuhuri, alipokuwa akiinuka kutoka sijida, akaanguka. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana, mtu wa bara, aitwaye Emmah. Alimvuta Mama kope ya chini, akaitazama, uso wake ukabadilika.

"Shikamoo, mama. Mbali na dawa ya kliniki, kuna nyingine unayotumia? Ya maumivu? Ya miti shamba? Hata ya kupewa na jirani?"

"Hakuna."

"Hamezi kitu kingine," Mselem akasema. "Aliniapia."

Mama alinitazama. Vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la leso.

Daktari akasema basi huenda ile ya kliniki imemzidi nguvu. Wangeipunguza, wamtazame, na akipata nafuu arudi nyumbani. Arudi nyumbani, na mimi nimpelekee maji.

"Iko," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mpaka daktari akainama. "Umesemaje, dada?"

"Iko dawa ya magoti, ya kupewa na jirani. Kwenye pindo la leso. Na choo chake ni cheusi."

"We mwana, nyamaza!" Mama akasema.

Mselem akanigeukia. "Ulikuwa unajua?"

Daktari hakumgombeza mtu. Alilifungua pindo taratibu, akavigeuza vile vidonge visivyo na jina. Akatueleza kwamba dawa ya kliniki inaizuia damu isigande, na dawa nyingi za magoti huchubua tumbo kwa ndani, tena nazo huichelewesha damu kukauka. Bi Sanober huweza kuzimeza kwa sababu hana ile nyingine. Zikikutana katika mwili mmoja, kidonda kidogo tumboni huvuja bila kuziba.

"Anavuja ndani," akasema, akaita wenzake waharakishe damu ya kumwongezea.

Waliiongeza. Mama hakufa, ingawa daktari anasema bado hajavuka hatari. Bi Sanober alikuja akalia sana, na Mama akambembeleza. Mimi hakunibembeleza. Nikimpelekea maji humwita muuguzi amnyweshe. Magoti yameanza tena, na daktari amesema watatafuta dawa ya maumivu isiyogombana na ile ya damu, lakini hakuahidi kwamba itamfikisha mpaka chini.

Leo tulibaki wawili. Alikuwa ameelekea ukutani.

"Umenivua nguo mbele ya mwanangu," akasema. "Nitarudi kwenye kiti. Umefurahi?"

Sikuwa nimefurahi. Nilivuta stuli karibu na kitanda, nikamwambia neno ambalo sikuwa nimemwambia yeye, wala Mselem, wala mtu yeyote.

"Mama, siku zote zile nilikuogopa wewe kuliko nilivyoogopa usije ukafa."