Watu Mia Mbili Arobaini na Mmoja

Ofisini walimwita Bi Sekunde, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kujenga makutano ya barabara ndani ya kompyuta, na magari yake, taa zake na vijitu vyake vya rangi ya chungwa, kisha kuyaendesha mpaka ajue kila taa iwake kwa muda gani. Jumatatu mpango wake mpya ulianza kazi kwenye makutano ya hospitali. Taa ya kijani ya waenda kwa miguu ilipunguzwa kutoka sekunde ishirini na nne hadi kumi na tatu, na foleni ya magari ikapungua karibu nusu. Mkurugenzi alimsifu mbele ya watu na, tuseme kweli, kichwa kilimvimba.

Alhamisi asubuhi fundi wa taa aliingia, kofia mkononi.

"Dada, kule watu wanabaki katikati. Jana babu mmoja kasimama magari yanampita mbele na nyuma, kainua fimbo utadhani anaswaga ng'ombe."

"Kwenye kompyuta hakubaki hata mmoja."

"Basi wa kwako ni vijana watupu."

Bi Sekunde alicheka. Fundi hakucheka.

Alipobaki peke yake akafungua hesabu za mwisho za kompyuta. Walioshuka barabarani: elfu sita mia nne kumi na wawili. Waliofika ng'ambo: elfu sita mia moja sabini na mmoja. Akatoa mara mbili, jibu likawa lile lile. Watu mia mbili arobaini na mmoja walikuwa wameingia barabarani na hawakutoka.

Ndipo akakumbuka. Miezi mitatu nyuma, vijitu vya mwendo wa pole vilikuwa vinakwama katikati na kuziba makutano yote, na yeye akaagiza programu imfute yeyote atakayekutwa barabarani taa ikibadilika. Ilikuwa ya majaribio tu, siku moja, kisha angeiondoa. Hakuiondoa. Kompyuta ikaendelea kuwafuta wazee na wagonjwa wake kimya kimya, na kumpa sifa.

Alipiga moyo konde akaenda kwa mkurugenzi. Huyo alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Kuna aliyegongwa?"

"Bado."

"Kesho wageni wanakuja kuona foleni ilivyokwisha. Wewe unataka niwaonyeshe foleni? Turekebishe Jumatatu, taratibu, bila kelele."

Na Bi Sekunde, mwenye shahada mbili, akasema sawa. Aibu ilimpata akiwa bado ngazini.

Mchana akaenda nyumbani kula. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, kadi ya kliniki ya presha mapajani.

"Mama, leo si siku ya dawa?"

"Nitakwenda wiki ijayo."

"Na Jumanne si ulikwenda kliniki?"

Mama akaigeuza kadi. "Jumanne nilirudi njiani. Usinigombeze. Nilivuka pale hospitali nikafika katikati, taa ikabadilika. Watu wananipigia honi, dereva mmoja ananiita kikongwe. Nikajua miguu yangu imekwisha. Sikukwambia, usije ukanikataza kutoka."

"Dawa zipo?"

"Ziliisha jana."

Bi Sekunde alilia hapo hapo, amesimama, sahani mkononi. Kisha akampigia fundi.

"Rudisha mpango wa zamani. Sasa hivi."

"Kwa idhini ya nani? Lazima niandike jina."

"Andika langu. Na andika kosa ni langu."

"Watakufukuza, dada."

"Wanifukuze. Wewe rudisha."

Alipokata simu akakuta mama anamtazama.

"Kosa gani?"

Akamweleza yote: programu, majaribio, vijitu vilivyofutwa, mkurugenzi, na ile sawa aliyoisema. Mama alisikiliza bila kumkatiza. Akanyoosha mguu mmoja, akaukunja, akanyoosha wa pili.

"Kumbe si miguu yangu."

"Si miguu yako, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe, wewe mwanangu." Alishuka kitandani, akaanza kutafuta viatu. "Lakini Jumanne pale katikati sikuwa peke yangu. Wale wenzangu nao wamejifungia ndani, wanailaumu miguu yao. Wao nani atakwenda kuwaambia?"