Wiki Saba za Machuki

Mwaka 1996 shimo la dhahabu lilimfunika mume wangu Machuki kule Macalder. Wenzake walichimba tangu asubuhi hadi jua lilipoinama, wakamtoa akiwa hai. Mguu uliovunjika ulipona kwa miezi mitatu, lakini hakuingia tena ndani ya nyumba.

Alilala barazani, mvua inyeshe isinyeshe. Akijaribu kuvuka kizingiti, jasho lilimtiririka akashika kifua. Binti yetu Boke alipozaliwa, ilibidi nimtoe nje ili baba yake amwone. Majirani walisema ana pepo. Mama mkwe alichinja kuku, mchungaji akaomba. Machuki aliona haya, akawa hasemi na mtu.

Nilipompeleka Boke kuchanjwa, nilimsimulia muuguzi, Sista Mellen. Alinisikiliza hadi mwisho. Jumamosi akaja kwetu.

"Baba Boke," alimwambia, "hujalogwa wala huna wazimu. Mwili wako ulijifunza kuogopa kwa siku moja. Tutaufundisha upya, polepole."

"Nikiingia nitakufa, Sista."

"Hivyo ndivyo hofu inavyokuambia, na kila ukikimbia unaiamini zaidi. Ukikaa, itapanda, itafika mwisho wake, halafu itashuka. Hujawahi kukaa ukaiona ikishuka."

Wiki ya kwanza aliweka mguu mmoja tu ndani. Sista alimwuliza hofu ni ngapi kati ya kumi. Tisa, alijibu. Siku nyingine alisema nane. Wiki ya tatu alikimbia mpaka kwenye uzio wa mkonge, akaketi huko analia, nami nikajua yamekwisha. Kesho yake nilimkuta amesimama mlangoni, peke yake, bila kuitwa.

Wiki ya saba aliketi kwenye kigoda katikati ya nyumba. "Funga," akaniambia.

Nikafunga. Mimi na Sista tulibaki naye ndani, mwanga ukipenya kwenye matundu ya mabati tu. Nilimsikia akihema kama mtu aliyepanda mlima na gunia.

"Kumi," alisema. Kisha tena, "Kumi."

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Sista Mellen akatikisa kichwa, nikauondoa.

Tulingoja sana.

"Saba." Pumzi zake zilianza kurefuka. "Tano." Halafu akaniambia taratibu, kama anayeogopa kukishtua kitu, "Nyangi, inashuka. Sijafanya lolote. Inashuka yenyewe."

Nimeona radi ikipasua mti mkubwa vipande viwili. Sijaona jambo kubwa kama lile: mtu ameketi kwenye kigoda, hajakunywa dawa, hajaguswa na mkono wa mtu, na mateso ya mwaka mzima yanamtoka huku nikitazama. Sista mwenyewe alikuwa akifuta macho.

Machuki hakurudi shimoni. Baadaye alikodi shamba huko Lambwe, akalima. Lakini mchana ule ule, alipoinuka kwenye kigoda, alijilaza mkekani na Boke kifuani, mlango umefungwa, wakalala wote wawili. Niliketi karibu yao, sikuthubutu hata kukohoa.