Mkono Uliopita Kwenye Pazia

Siku hiyo tangu asubuhi sikutulia. Nilikaa kwenye stuli, nikainuka. Nikaifuta hadubini niliyokwisha kuifuta, nikatoka nje kuitazama barabara ya Iringa, nikarudi. Nesi Hildegarda akaniuliza kama nimekanyaga siafu. Nikamwambia baba mkwe wangu yumo kwenye orodha ya leo ya upasuaji, na wa kumtoa damu na kumpima mkojo ni mimi.

Hildegarda aliacha kukunja mashuka. Ni mtu wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Serikali ilishawaruhusu watu binafsi kufungua hospitali, na Daktari Cleopa, aliyestaafu serikalini, alifungua zahanati ya vyumba vitano hapa Mikumi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja mpasuaji kutoka Morogoro kukata ngiri na vivimbe, na watu wakarudi makwao jioni ile ile. Sharti lake lilikuwa moja: bila majibu ya damu na mkojo hashiki kisu. Ikifika saa tisa anawasha gari, hata ulie, mpaka mwezi ujao. Maabara nzima ilikuwa mimi, Letisia, na taa yangu ya spiriti.

Miaka minane nimeolewa na Danieli, na sijawahi kumtazama baba yake usoni. Kwetu mwanamke hapeani mkono na baba mkwe, wala hakai naye mkeka mmoja. Nampigia magoti, namwamkia, namnawisha mikono wakati wa chakula, naondoka. Kwa hiyo uso wa Mzee Donati nisingeweza kuueleza, lakini mikono yake naijua kama ninavyojua sufuria zangu. Sasa eti niufunge mpira mkono huo, nitafute mshipa, kisha nipokee na mkojo. Na Danieli, ambaye angeweza kunitolea neno, alikuwa njiani na lori, sijui Tunduma, sijui amekwisha kuvuka Zambia.

Walifika saa nne kwa pikapu ya mizigo kutoka Kilosa. Mzee alishuka taratibu, kiganja kimekandamiza kinena. Nyuma yake aliteremka Mzee Yohana, mtani wake, Mnyamwezi aliyeletwa na mashamba ya mkonge enzi za ujana, akaoa Kilosa, akasahau kurudi Tabora. Nilipiga magoti pale pale kwenye kokoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, anatazama mlima.

Wazo la pazia lilitoka kwake mwenyewe. Alimtuma Hildegarda: nikae upande mmoja wa pazia, yeye akae upande wa pili, apitishe mkono tu, na chupa ya mkojo ipite kwa njia hiyo hiyo. Nilimsifu moyoni. Nikasema kweli utu uzima dawa, mimi nimehangaika tangu alfajiri na mwenzangu amemaliza shauri kwa neno moja.

Saa tano na nusu mkono wa kushoto ukapita. Nikafunga mpira, mshipa ukasimama wenyewe, mnene, nikachoma. Damu ilishafika nusu ya bomba ndipo macho yangu yalipoteremka mpaka kwenye vidole. Kidole cha shahada cha kushoto cha baba mkwe kimepinda, alikivunja zamani kwa gogo. Hiki kilikuwa kimenyooka. Na juu ya kiganja palijaa makovu madogo madogo ya miiba ya mkonge.

Nikachomoa sindano, nikabandika pamba. Ikaja chupa, nikaipokea. Nikarudi mezani na hasira inanipanda, maana nilielewa nimefanywa mjinga mbele ya pazia langu mwenyewe. Hata hivyo nilipima. Wingi wa damu ulikuwa mzuri. Nikatia matone ya mkojo kwenye ile dawa ya buluu, nikaichemsha juu ya taa: sukari ikiwapo hubadilika rangi, isipokuwapo hubaki buluu. Ilibaki buluu safi. Majibu ya kijana.

Fomu ilikuwa mbele yangu, imeandikwa Donati. Ningejaza tu, saa saba angelazwa mezani, na heshima ya ukoo ingebaki salama. Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika tena. Mpasuaji angemkata mtu kwa kuamini damu ya mtu mwingine. Nikatoka nje.

Mzee Yohana alikuwa nyuma ya tangi la maji, anatafuna muwa, mkono wa shati umeshushwa mpaka kifundoni.

"Shikamoo, babu. Kunja shati hilo nione."

"Marahaba. Mwanamke wa Kilosa, unataka kumvua nguo Mnyamwezi mchana?"

"Babu, sina muda wa utani."

Alitema kapi la muwa. "Mimi ni mtani wake. Nimekaa miaka nangoja aniite nikamchimbie kaburi, kaniita nichomwe sindano. Nikaona nafuu. Kasema ni aibu mkwe kugusa mkojo wake, nikamwambia haya, mimi wangu hauna aibu."

"Wako hauna aibu, lakini atakatwa yeye. Akitokwa damu kule ndani wakamtia ya kundi lako, si utaliona hilo kaburi leo?"

Utani ulimwishia usoni. Aliniambia hakujua, na nikamwamini. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa sita na dakika ishirini, na mgonjwa wa pili alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilimkuta baba mkwe kwenye benchi la ndani, amefunikwa shuka mpaka kifuani. Nikapiga magoti, macho sakafuni.

"Baba, ule mkono haukuwa wako."

Nikamwambia nimeelewa sababu, ni heshima, na nimepata njia. Hildegarda atatoka chumba cha upasuaji mara moja amtoe damu, auchukue na mkojo, mimi niletewe vichupa tu kama vya mtu nisiyemjua. Niliongea haraka haraka kwa sababu ya saa. Nikangoja aseme ndiyo.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini, baba? Aibu imeondoka."

"Andika yale ya Yohana."

Hapo nikakosa adabu. Niliinua uso nikamtazama. Nilikuta mzee mwenye mashavu yaliyobonyea, midomo imekauka kama ametembea siku nzima juani. Hakuwa na aibu hata kidogo. Alikuwa na hofu.

"Nikikojoa nyuma ya nyumba," akasema polepole, "sisimizi wanakuja. Mwaka wa pili huu. Nakunywa ndoo ya maji na kiu haiishi. Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Alikwenda kukatwa ngiri, wakampima, wakamwambia una sukari, nenda kaishushe kwanza urudi. Akarudi shamba. Ngiri ikambana siku ya palizi, akafa kabla hatujapata gari. Mimi sitaki kuambiwa rudi. Nikatwe leo, sukari ntajua mwenyewe."

Kumbe ule ukwe wote, lile pazia, vilikuwa pa kujifichia. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana hofu yake ilikuwa na kaburi la kweli. Nilimwambia jambo moja tu: kidonda cha mtu mwenye sukari nyingi huweza kukataa kufunga, kikaoza, na yeye akamfuata kaka yake kwa njia nyingine. Nikachukua kichupa mfukoni, nikakiweka kando ya mguu wake, nikageuka ukutani.

Nilisikia Hildegarda anaita jina la mgonjwa wa tatu, na wa nne ndiye yeye. Mwishowe nikasikia benchi linalia, akatoka kwenda uani.

Damu nilimtoa mimi. Hakuna pazia lililofungwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kidole kile kimepinda kama ninavyokijua. Kisha nikachemsha. Ile buluu ilikaa kidogo, ikawa kijani, ikawa manjano, ikatulia kwenye wekundu wa tofali la kuchoma. Alikuwa amesimama mlangoni anaona.

"Usiandike, mwanangu."

Hajawahi kuniomba kitu tangu nimeolewa. Nikaandika. Kalamu iligoma, nikaitikisa, nikaandika tena juu ya yale yale mpaka karatasi ikatoboka.

"Umeniua," akasema.

Mpasuaji alisoma fomu akiwa amesimama, akatikisa kichwa, akaita mgonjwa wa tano. Daktari Cleopa akampa mzee vidonge, akamwandikia vyakula vya kuacha, akasema apimwe mkojo kila siku, na sukari ikishuka atakatwa mwezi ujao. Saa tisa gari la Morogoro liliondoka. Baba mkwe alilifuata kwa macho mpaka likapotea, kisha akaanza kutafuta pikapu ya Kilosa.

Nikasimama mbele yake. "Huendi Kilosa. Ikikubana kule utafia njiani. Nyumbani kwangu mpaka hapa ni hatua mia mbili."

"Danieli hayupo. Nitalalaje nyumba moja na mkwe? Watu watasema nini?"

"Waseme wakiwa wanakuona hai."

Mzee Yohana akasema basi na yeye atabaki, atalala sebuleni katikati ya vyumba viwili awe komeo, na kama kuna atakayesema, amwulize komeo. Baba mkwe hakucheka. Lakini mzigo wake alimwacha Yohana aubebe kuelekea kwangu.

Siku nne hakunisemesha. Kila alfajiri alimtuma Yohana na kichupa, Yohana akakiweka kizingitini pa jiko, akagonga, akaondoka. Kila siku nilichemsha na kila siku ilitoka nyekundu. Usingizi ulinipaa. Nilikuwa nasikiliza ukutani kama analia tumbo, nahesabu wiki zilizobaki, najiuliza nitamwambia nini Danieli. Siku ya tano nilipima mara mbili kwa kutoamini macho. Ilikuwa rangi ya chungwa. Nilimwambia Yohana ampelekee habari, basi.

Siku ya sita mlango wa jiko uligongwa na mimi nimeinamia moto. Nikasema, "Weka hapo, babu." Hakuna aliyeweka. Nilipogeuka, baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameugeuza uso wake upande wa banda la kuku, na mkono wenye kichupa ameunyoosha kwangu.

"Shika mwenyewe, mwanangu," akasema. "Yohana anamwaga."

Nikapiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa bado cha moto.