Ngurumo ya Gari la Baba

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake siku ya kwanza aliposhika mashine, cheche zikamrukia hadi kwenye nywele naye hakusogea hata kidogo. Sasa alikuwa mtu mzima, mgongo umeanza kumfanyia kiburi, na kila alipotoka gereji jioni hakuwa na hamu na chuma chochote duniani, hata kijiko. Na nyumbani chuma kingine kilikuwa kinamsubiri.

Baba yake alipofiwa na mkewe alihamia kwa Cheche, binti yake, na mizigo miwili: sanduku la nguo, na gari la mbio la zamani lililokuja likivutwa kwa kamba. Lilikuwa gari la viti viwili, boneti ndefu, fupi kwa kimo kiasi kwamba ukikaa ndani yake magari mengine unayaona kuanzia matairi. Mzee alishindana nalo ujanani mwake, akashinda mara kadhaa na kupinduka mara kadhaa, kisha maisha yakamshika na gari likafunikwa turubai. Turubai lilizuia jua tu. Unyevu ulipita chini, na kutu ikala taratibu bila kumwomba mtu ruhusa.

"Litengeneze, mwanangu," mzee alimwambia. "Nataka kulisikia tena kabla sijaondoka."

Cheche hakujua kumkatalia baba yake. Akaliingiza chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba, akalipandisha juu ya stendi, akalala chali chini yake akiwa na tochi na nyundo. Aligonga boriti ya chasisi, fremu inayobeba gari, upande wa dereva, nyundo ikatoboa na kubaki humo humo. Akalitazama lile tundu, vumbi jekundu likimdondokea usoni.

Ndipo ikaanza kazi iliyomla Jumapili zake zote. Alikata vipande vilivyooza, akapima, akakunja chuma kipya, akachomelea. Alipokuwa anaunga upande mmoja, upande wa pili ulijipinda, akalazimika kukata tena. Aliongeza na mihimili miwili ya kukatisha katikati, kitu ambacho waliolitengeneza hawakuwahi kukiweka, ili gari lisijipinde kwenye kona. Akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akapaka tena. Usiku alikuwa anaingia kitandani ananuka chuma kilichoungua hata baada ya kuoga.

"Yule mume mwenzangu ameamkaje leo?" mumewe alikuwa akimuuliza asubuhi kuhusu gari, akimsogezea chai.

"Anakula sana, hashibi."

"Mwambie basi na mimi aniachie mke kidogo, maana zamu yangu sijaipata siku nyingi."

Cheche alicheka, lakini kicheko kiliishia nusu njia na kugeuka miayo.

Chasisi ilipokamilika, mzee alilizunguka gari, akapitisha vidole juu ya mishono ya kuchomelea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa sauti," akasema. "Gari bila sauti yake ni kabati."

Ekzosi ya kwanza, yaani bomba la kutolea moshi, Cheche aliitengeneza kama ile ya zamani, kwa kufuata mabaki yake yaliyokuwa yamelala sakafuni kama mifupa ya samaki. Bomba kwa bomba, kona kwa kona, na nyuma sailensa moja kubwa ya kupunguza kelele. Jumamosi mchana akawasha injini. Gari likakohoa, likashika, likanguruma vizuri mpaka mabati ya banda yakajibu. Cheche alihisi moyo wake umepanda juu kidogo. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, macho kayafumba.

"Bado," akasema. "Nyembamba."

"Nyembamba vipi, Baba? Hii ndiyo ile ile."

"Mimi nililiendesha. Nalijua. Ilikuwa inakutoka hapa," akajigonga kifuani. "Hii ni ya mashine ya kusaga."

Basi Cheche akaifumua. Ya pili aliitengeneza kwa mabomba mapana zaidi, akapunguza kona ili moshi utoke bila kuhangaika. Ilinguruma kweli kweli. Mzee akasikiliza, akakunja uso. "Afadhali. Lakini bado."

Ya tatu aliifanya shingo upande. Aliitoa sailensa kabisa, akaweka bomba tupu kutoka injini hadi nyuma, jambo ambalo kama mteja angemwomba gereji angemfukuza. Alipoiwasha, mbwa wa mtaa mzima walibweka, na haikupita muda jirani yao akatokea uani amejifunga kitenge juu ya nguo za kulalia. Alikuwa nesi. Usiku alifanya kazi hospitali, mchana ndio ulikuwa usiku wake. Cheche akapunguza mvumo wa injini ili wasikilizane.

"Shikamoo, mzee," nesi alimsalimu baba kwanza, maana alikuwa na adabu hata akiwa amekasirika. Mzee hakuitikia. Alikuwa amempa kisogo, analitazama gari. Nesi akamgeukia Cheche. "Dada yangu, nakuomba. Nimetoka kuwahudumia watu tangu jana. Nikilala, gari lenu linaniamsha. Nikiamka, linanitukana."

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni baba. Anasema sauti haitoshi."

"Haitoshi?" Nesi alilitazama bomba, kisha kisogo cha mzee. Alitaka kusema neno, akalimeza. "Haya. Angalau mniambie saa, nitie pamba masikioni."

Alipoondoka, Cheche aliona aibu, na nyuma ya aibu hasira. Alikuwa amechoka hoi. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tena juu ya sikio, na kwenye shingo alikuwa na alama mpya ya cheche iliyopenya chini ya kola. Lakini akaingia tena chini ya gari, injini ikiwa bado inanguruma, ili akaze nati iliyokuwa inalegea. Ilikuwa sauti ya kutisha kuwa chini yake. Ilimtetemesha meno.

Mara injini ikasita, ikapiga kikohozi kimoja, ikazima. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Ukimya ukashuka uani kama shuka. Cheche alishusha pumzi, akafurahia ule utulivu, akaanza kujivuta atoke.

Akaona miguu ya baba yake. Haikusogea. Akatoa kichwa nje, akamwona mzee amesimama pale pale, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba, anasikiliza.

Cheche akangoja. Shomoro alikuwa analia juu ya paa. Mbali, mtu alikuwa anapiga misumari.

"Bado," mzee akasema, macho bado kayafumba. "Sasa ndiyo imezidi kuwa nyembamba."

Cheche alibaki amelala kwenye sementi, nusu ndani nusu nje. Kwanza hasira ilimpanda mpaka kooni: ekzosi tatu! Jumapili zote zile! Alifungua mdomo. Ndipo akakumbuka salamu ya nesi iliyopotea hewani, na runinga iliyokuwa inapiga kelele sebuleni kila jioni, na jinsi mzee siku hizi alivyokuwa anacheka pale wengine wanapocheka, akichelewa kidogo. Hasira ikamtoka yote, ikamwacha mtupu.

Alinyanyuka, akaenda kusimama mbele yake, akamgusa mkono. Mzee akafumbua macho.

"Baba. Gari limezima."

Mzee aliangalia mdomo wake. Akageuka kulitazama gari. Akaenda akaweka kiganja juu ya boneti. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Nilidhani ni gari," akasema.

"Tangu lini, Baba?"

"Sijui. Nilidhani watu wa siku hizi ndio mnaongea chini chini, kama wezi." Alijaribu kutabasamu, midomo ikamkatalia. "Mama yako alikuwa ananipigia kelele. Nilifikiri ni mapenzi yamekwisha."

Cheche alicheka bila kutaka, na machozi yakamtoka humo humo ndani ya kicheko. Wakakaa wawili kwenye benchi la kazi, kati ya spana na vipande vya bomba. 

Nesi ndiye aliyewasaidia. Cheche alipomweleza, hata kuomba radhi hakumruhusu. "Ningesema siku ile," akasema, "lakini si kila mtu anapenda kuambiwa mambo ya baba yake na jirani." Akawapeleka hospitali kwa daktari wa masikio anayemfahamu. Daktari alichungulia, akapima, akamvalisha mzee vipokea sauti, akamwambia ainue mkono akisikia. Mara nyingi mkono ulibaki pajani. Haikuwa nta ya masikio. Ilikuwa ni mishipa yenyewe ya kusikia, na daktari alipoambiwa habari za mashindano ya ujanani, miaka yote ile bila kuziba masikio, alitikisa kichwa tu. Akampa kifaa cha kusikilizia. Kwa kifaa hicho mzee aliweza kusikia maneno ya mtu aliye karibu naye, na vijiko, na mlango. Vijiko vilimuudhi sana. Lakini gari lilipowashwa, alisikia mkwaruzo tu, kama mtu anasugua sufuria.

"Basi, mwanangu," akasema. "Liuze. Umejitesa vya kutosha."

Cheche alipaswa kufurahi. Alikuwa anaisubiri ruhusa ya kupumzika kwa hamu kuliko mshahara. Badala yake alijikuta ameketi bandani bila kazi, mikono imelala mapajani, akajiona kama mtu aliyefika msibani akakuta watu wameshatoka makaburini.

Akaamua angalau kuirudisha sailensa, ili mtu atakayelinunua asije akachukiwa na mtaa wake. Kazi haikuwa kubwa. Bomba la ekzosi huning'inizwa kwa raba ili mtikisiko wa injini ubaki kwenye bomba, usipande kwenye chasisi. Raba moja ilikuwa imeungua. Cheche hakuwa na nyingine, akaiacha, akasema ataitafuta kesho. Akawasha injini aone kama kuna panapovuja. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, kama alivyozoea siku hizo, mikono juu ya usukani, bila kifaa sikioni.

Bomba lililokosa raba likashuka, likalalia mhimili wa chasisi, likaanza kutetema juu ya chuma kitupu. Fundi yeyote angeona kasoro. Cheche alinyoosha mkono kuzima.

"Acha!" mzee akapaza sauti. "Acha, acha! Usiguse!"

Alikuwa ameketi wima, macho kayatoa, amejishikilia kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kiganja kimoja kilikuwa kifuani. "Hiyo," akasema. "Hiyo hapo. Inatoka chini ya kiti. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Baba. Imeharibika."

Mzee hakusikia. Cheche akasimama pale mlangoni mwa gari, akaweka mkono wake mgongoni mwa kiti, akaihisi: ngurumo ile ile, ila haikuwa ya masikio. Ilikuwa inapanda kwenye mifupa.

Alifanya basi kile ambacho katika kazi yake yote alikuwa akiwakanya wengine. Alitengeneza vishikio vya chuma kinene, akalifunga bomba moja kwa moja kwenye ile mihimili aliyoiongeza mwenyewe, bila raba, karibu kabisa na kiti cha dereva. Aliunga mshono juu ya mshono. Huku nyuma akaweka sailensa mbili badala ya moja, ili nesi alale. Lilipowashwa, kutoka barabarani lilisikika kama gari la mwalimu mkuu. Ndani, kioo cha pembeni kilitetema mpaka hukuweza kujiona.

Walitoka nalo Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu. Mzee aliendesha polepole, binti yake pembeni ameshikilia mlango. Kwenye mteremko alibadilisha gia bila kutazama kitu, kwa kuusikiliza uti wa mgongo wake, na gia ikaingia laini.  Alikuwa analia kwa namna ya watu wazima, uso mkavu, kidevu tu kinacheza.

Kama Cheche alivyojua, vishikio vilipasuka. Mishono haivumilii mtikisiko kama huo, na baada ya miezi michache bomba likaanza kulegea. Alitoka gereji jioni moja, bega linamuuma, akalala chali tena kwenye sementi ile ile na kuvuta kofia ya kuchomelea usoni. Mzee alikuja na kikombe cha chai, akachuchumaa kwa taabu mpaka uso wake ukaonekana chini ya gari.

"Litalegea tena?" akauliza.

Cheche akavua kofia ili baba auone mdomo wake. "Litalegea."

"Na utaliunga tena?"

"Nitaliunga. Lakini si leo, Baba. Leo nimechoka."

Mzee aliyasoma maneno hayo mdomoni mwake mpaka la mwisho. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono, na binti yake akaushika, wakavutana wote wawili, wakiguna, mpaka Cheche akatoka chini ya gari.