Mrija wa Bibi Digna

“Basi Mama asinywe, si ndivyo unavyotaka?” Winfrida alisema, na safari hii alihakikisha sauti inafika mpaka kwenye turubai la wageni. “Akae hapo awatazame wenzake wanavyokunywa kwenye sherehe ya mjukuu wake, kwa sababu wewe una diploma ya mazingira.”

Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, na nilimwambia hivyo.

Winfrida ni wifi yangu, dada wa mume wangu Athanas. Ana duka la vitambaa Moshi mjini. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wetu wa Kibosho, ameinua pakiti ya mirija ya plastiki kama mtu aliyemkamata mwizi akiwa na kuku. Mimi nilishika pakiti ya mirija ya karatasi. Katikati yetu, kwenye kiti tulichokipangia mito, alikaa mwenyewe tuliyekuwa tunamgombania, mama mkwe wangu Bibi Digna. Alikuwa anatazama migomba.

Ilikuwa siku ya kipaimara cha binti yangu Evelyn. Misa imekwisha, nyama imeiva, wageni wamekaa, na hakuna aliyekuwa anakunywa kitu cha maana. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haiguswi kabla mkubwa wa boma hajaonja. Tangu baba mkwe afariki, mkubwa ni Bibi Digna. Shida ni kwamba mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia haushiki kitu, wa kushoto unatetemeka, na kata, kibuyu chetu cha kunywea, ikijaa mbege ni nzito. Kunyweshwa hataki. Mara ya kwanza nilipomsogezea kata mdomoni mbele za watu aliniambia, “Mimi si ndama,” na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo anatumia mrija.

Na mirija ya plastiki niliipiga marufuku mimi. Si peke yangu, ni kikundi chetu cha akina mama, lakini mwenyekiti ni mimi, kwa hiyo lawama zote huja kwangu. Sababu ni mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka juu hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Kila baada ya sherehe mirija ilikuwa inasombwa humo na kujikusanya pale maji yanapopita chini ya barabara. Baada ya harusi moja kubwa mfongo uliziba kabisa, maji yakageuza njia na kuingia kwenye banda la jirani yetu Mama Elifuraha. Asubuhi alimkuta ng'ombe wake amesimama majini kama anabatizwa. Tulizibua kwa mikono. Mirija ilitoka kwa madebe. Siku hiyo hiyo tukakubaliana: kwenye sherehe zetu, plastiki basi.

Kukubaliana kwenye kikao ni rahisi. Kwenye sherehe watu walikuja na maneno yao. Mzee Gidioni, baba mdogo wa Athanas, alisema mrija wa karatasi unafanya soda iwe na ladha ya daftari. Wasichana waliopaka rangi ya midomo walisema kunywa kwenye mdomo wa chupa ni mambo ya makonda. Mama Stella alijinunulia mrija wa chuma, anautembeza kwenye mkoba umefungwa leso, na hajawahi kumwazima mtu. Shedrack, anayepandisha wageni mlimani, aliwaeleza kwamba wageni wake wana mirija yao mifukoni na hawalalamiki. Wakamwambia aende akanywe nao huko huko kwenye theluji. Hata hivyo waligoma kwa mdomo tu. Mfongo ukaendelea kupitisha maji, na mimi hilo ndilo nililolitaka.

Sikuwa nimefikiria mbege. Mbege ni nzito, ina chembe za ulezi. Nilipotumbukiza mrija wa karatasi kwenye kata, Bibi Digna alivuta, mrija ukalainika ukajikunja. Nikaweka wa pili. Wa tatu ulikatikia mdomoni, akautema kwenye leso na kuuliza, “Hii ni ya kunywa au ya kula?”

Wageni wakacheka. Ndipo Winfrida akatoa pakiti yake.

Athanas alijaribu kusuluhisha kwa kusema kwamba mrija mmoja wa mtu mmoja mgonjwa hauwezi kuziba mfongo. Nilimwambia nakubaliana naye. Sijawahi kusema mgonjwa anyimwe. Niliyemwogopa si Bibi, ni pakiti. Tayari shangazi wawili walikuwa wamenyoosha mikono, na pakiti ikifunguliwa nyumbani kwa mwenyekiti, nani atanisikiliza tena?

“Mpe Mama mmoja,” nikamwambia Winfrida. “Iliyobaki nipe mimi.”

“Mmoja? Kama sigara?”

“Kama sigara.”

Alinitazama, akamtazama mama yake, akachomoa mmoja. Pakiti akaibana kwapani, hakunipa. Haya. Tukaweka mrija wa plastiki kwenye kata, Winfrida akaishika vizuri. Akina mama walishavuta pumzi ya kupiga vigelegele.

Bibi Digna alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Kisha akauachia mrija.

“Huu nao umeziba,” alisema. “Huwa unaziba.”

Winfrida akauliza anamaanisha nini kusema huwa.

“Ulezi unakaa mle ndani, haupiti. Sijaonja mbege tangu niugue.”

Nilikumbuka Krismasi, na harusi ya Herieth, mpwa wa Athanas, na siku ile ya kumaliza nyumba ya Mzee Gidioni. Mara zote tulimsogezea kata na mrija, akainama, akainuka, tukashangilia, tukaanza kunywa. Mke wa Mzee Gidioni akaguna, “Mae!” na kushika kichwa.

“Mbona hukusema, Mama?” nikamuuliza.

“Nani aliniuliza? Mlikuwa mkiona mrija umeingia mdomoni mnapiga vigelegele.”

Winfrida akakaa chini kwenye kreti la soda. Mimi na yeye tulikuwa tumepigana kuhusu mirija mwezi mzima, kwa simu na ana kwa ana, na mwanamke mwenyewe alikuwa na kiu ya miaka miwili.

Hapo tarumbeta zikalia nyuma ya nyumba. Ni kelele zilizokuwa zinanikera tangu turudi kanisani. Evelyn na binamu zake walikuwa wanakata majani ya maboga ya bibi yao na kupuliza mabua yake, yanalia kama ndama aliyefungiwa. Nilishawakemea mara mbili. Safari hii niliinuka kwenda kuwachapa.

Nilimkuta Evelyn na gauni lake jeupe, bua mdomoni. Akaacha kupuliza. Mimi nikabaki nimelitazama lile bua. Lina tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Tundu lenyewe ni pana, karibu kidole changu kidogo kiingie. Na mabua hayo nayamenya nyuzi kila wiki ninapopika mboga, watoto wanakula na hakuna aliyewahi kuumwa.

“Kisu,” nikasema.

Nilikata lililonenepa kuliko yote, nikaondoa jani, nikalikata sawa ncha zote mbili, nikamenya ngozi yenye vinyweleo na kulisuuza kwa maji safi. Niliporudi uwanjani nilipuliza kuhakikisha halijaziba. Likalia mbele ya wageni wote, na mimi nimevaa kitenge cha kushona. Walicheka mpaka Shedrack akashikilia nguzo ya turubai.

Bibi Digna hakucheka. Alikaza macho.

“Hilo ni la boga langu?”

“Ni la boga lako.”

“Lile la kwenye jiwe?”

“Lile lile.”

“Ndilo lililozaa vizuri kuliko yote.”

“Nikalirudishe?”

Akafungua mdomo.

Niliweka bua kwenye kata. Alivuta mara moja, polepole, na tuliona koo likipanda na kushuka. Akavuta tena. Hakuna aliyepiga kigelegele, tulikuwa tumeshajifunza. Alivuta mpaka bua likaanza kukoroma chini ya kata, ndipo akainua uso, na mdomo wa juu una ulezi.

“Imechacha vizuri,” alisema. “Wapeni watu.”

Hapo vigelegele vikapigwa vya haki. Mzee Gidioni, mwenye mikono miwili mizima, akasema na yeye anataka bua, kata imemchosha. Mama Stella alirudisha mrija wake wa chuma kwenye leso. Kila mtu akawa anataka.

“Winfrida,” Bibi Digna akaita. “Chukua kisu ukawakatie wageni. Vitumba usiguse.”

Winfrida aliinuka kwenye kreti. Pakiti ilimponyoka kwapani, nikaiokota nikaitia kwenye mkoba wangu na kufunga zipu. Yeye aliiona, akaiacha. Alivua viatu vyake vya mjini, akafunga kitenge kiunoni, akaingia kwenye maboga akikata, na Evelyn anampokea nyuma yake, anapuliza kila moja kulijaribu.

“Wifi,” akaniita kutoka huko. “Haya majani niyatupe?”

“Uyatupe?” nikamwambia, na beseni nilishalishika. “Lete hapa. Hiyo ni mboga ya kesho.”